Barua ya Wazi kwa Watakaoandika Katiba: Jina la Mwenyezi Mungu Katika Ahadi za Taifa

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na kwa wote watakaokabidhiwa, leo au kesho, kazi ya kuandika Katiba mpya ya nchi yetu.

Waheshimiwa,

Nawaandikieni juu ya jambo ambalo aghalabu watu wetu hulizungumza kwa sauti ya chini barazani, na ambalo likipandishwa jukwaani huzungumzwa kwa ghadhabu, ilhali lilistahili tangu mwanzo kuzungumzwa kwa utulivu na insafu: nalo ni mahali pa jina la Mwenyezi Mungu katika viapo vya viongozi, katika ahadi za raia, katika mikutano ya hadhara, na katika maandishi ya sheria iliyo mama wa sheria zetu zote. Safari ya Katiba iliyoanza mwaka 2011 na kufika Dodoma katika Bunge Maalum la mwaka 2014 ilikoma njiani, na kura ya maoni iliyotazamiwa Aprili 2015 haikupigwa. Lakini kilio cha Katiba mpya hakikunyamaza, na siku kazi hiyo itakapoanza upya swali hili litawangojeni mlangoni, kwa maana wapo watakaotaka jina la Mungu litiwe kila pahala, na wapo watakaotaka lifutwe kila pahala, na kila upande utadai kuwa ndio unaoilinda amani ya nchi.

Rai yangu naiweka wazi mapema. Naamini kwamba jina la Mwenyezi Mungu lina haki ya kutamkwa hadharani na kila apendaye kulitamka, awe ni rais anayeapa au shahidi aliyesimama mahakamani. Bali dola haina haki ya kulitia kinywani mwa mtu kwa amri, wala kulifanya kipimo cha kumjua raia mwema na raia mbaya, wala kuliacha liwe pazia la kufichia matendo ya wenye vyeo. Nayasema haya nikiwa mtu wa dini, Mwislamu wa pwani niliyesomeshwa alifu na bee chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali. Na ni kwa sababu ya heshima niliyo nayo kwa jina hilo, wala si kwa kulidharau, ndipo nimeshika kalamu.

Tutazame kwanza hali ilivyo. Atakayefungua kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge lenu ataona kwamba kabla ya swali lolote kuulizwa, na kabla ya hati yoyote kuwasilishwa mezani, limeandikwa neno moja peke yake, Dua, na chini yake mstari mfupi unaoeleza kuwa Spika, au Naibu wake, au Mwenyekiti, alisoma dua. Kiapo cha uaminifu ambacho kwa Ibara ya 68 ya Katiba kila Mbunge hula kabla ya kushiriki katika shughuli za Bunge humalizikia kwa kumwomba Mwenyezi Mungu msaada. Tarehe 19 Machi 2021, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan alipoapishwa na Jaji Mkuu mjini Dar es Salaam, alikuwa ameshika Msahafu. Na tarehe 5 Novemba 2015, hayati John Pombe Magufuli alipoapa alikuwa ameshika Biblia. Wimbo wetu wa Taifa, ambao asili yake ni ule uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, si wimbo wa vita wala wa kuisifu bendera. Ni dua tangu mwanzo wake hadi mwisho wake.

Na pamoja na hayo yote, Ibara ya 3 ya Katiba hiyo hiyo yasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa kuamini, na hata wa kuibadili imani yake, na kuyaweka mambo ya jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 yakataza kuandikishwa kwa chama cha siasa kilichoundwa kwa ajili ya kuendeleza imani ya dini. Na tangu sensa ya mwaka 1967 karani wa sensa hamwulizi tena raia dini yake. Mgeni akiyatazama mambo haya mawili kwa pamoja, dua upande huu na nchi isiyo na dini upande ule, huenda akasema kwamba tumejikanusha wenyewe. Mimi naona sivyo. Naona kwamba wazee wetu walipata jambo la busara ambalo mataifa yaliyotutangulia kwa elimu na utajiri hayakulipata: walimwacha kila mtu aje na Mola wake katika shughuli za umma, lakini hawakuipa dola Mola wa kumtangaza. Dua isomwayo Bungeni huelekezwa kwa Muumba wa wote, si kwa madhehebu. Kitabu ashikacho Rais hukichagua mwenyewe. Na Wimbo wa Taifa hauulizi anayeuimba husali akielekea wapi.

Lakini desturi njema isiyoandikwa huweza kuharibiwa na watu wema wanaoandika kwa haraka. Ndiyo maana naomba tuutazame mwaka 1954, kwa sababu mwaka huo mambo mawili yalitendeka katika pande mbili za dunia, na yote mawili yana mafunzo kwetu.

Huko Marekani palikuwapo ahadi ya utii kwa bendera ambayo watoto wa shule huikariri asubuhi, mkono ukiwa kifuani. Aliitunga mwaka 1892 mhubiri wa Kibaptisti aitwaye Francis Bellamy, naye, juu ya kuwa mtu wa kanisa, hakutia ndani yake jina la Mungu; na kwa muda wa zaidi ya miaka 60 taifa lile liliikariri vivyo hivyo, likapigana vita kuu mbili nalo halikupungukiwa na uzalendo. Tarehe 14 Juni 1954, katika siku za hofu ya Ukomunisti, Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria ya kuongeza katika ahadi hiyo maneno yasemayo kwamba taifa hilo li chini ya Mungu. Tangu hapo ugomvi haukwisha: kesi zilifunguliwa, na moja ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2004, ambayo iliiondoa kwa hoja kwamba mzazi aliyeileta hakuwa na haki ya kushitaki, hivyo swali lenyewe likabaki bila ya jibu. Na lililo zito zaidi ni hili: chini ya mwezi mmoja kabla ya sheria hiyo, tarehe 17 Mei 1954, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imehukumu kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni ni kinyume cha Katiba, lakini miaka ikapita watoto weusi wakiendelea kufungiwa milango ya shule hizo, na mwaka 1957 ilibidi askari wa jeshi wapelekwe Little Rock kuwasindikiza wanafunzi tisa kuingia darasani. Maneno ya kwamba taifa li chini ya Mungu yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Haki ya mtoto ilikuwa bado.

Siku 23 baada ya sheria hiyo, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Walioianzisha na walioijenga walikuwa Waislamu na Wakristo, na wengi wao walikuwa wacha Mungu wa kweli, watu wa kusali na kufunga. Chama hicho kilikuja kuwa na ahadi kumi za mwanachama, ambazo CCM ilizirithi kwa sehemu kubwa mwaka 1977, na ambazo watu wa umri wangu walizikariri hata zikawa methali: kwamba binadamu wote ni ndugu, kwamba rushwa ni adui wa haki, kwamba cheo ni dhamana, kwamba mtu atasema kweli daima na fitina kwake ni mwiko. Zisomeni zote kumi, Waheshimiwa, hamtalikuta humo jina la Mungu hata mara moja. Wala hakuna sheikh wala padri aliyesimama akasema kuwa kwa sababu hiyo ahadi hizo ni za makafiri. Mwislamu aliyeahidi kutopokea rushwa aliijua aya inayomkataza. Mkristo aliijua amri inayomkataza. Na mzee wa Kisukuma au wa Kimakonde aliyebaki katika mila za wahenga wake naye alijua ni nani atakayemwuliza. Kila mmoja aliichukua ahadi ile ile akaenda kuitia nguvu kwa imani yake, na hakuna aliyelazimika kuazima imani ya mwenziwe.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kiapo cha mtu mmoja na ahadi ya umma ni mambo mawili mbalimbali, na makosa mengi hutokana na kuyachanganya. Aapaye husimama peke yake. Hutaja jina lake, hutaja kazi aliyopewa, na humweka Mola wake kuwa shahidi wa nafsi yake, kwa kuwa yeye mwenyewe anamwamini na kumcha. Nguvu ya kiapo haimo katika karatasi kilipoandikwa wala katika joho la anayeapisha, imo katika khofu iliyo moyoni mwa aapaye. Basi ukimwapisha mtu kwa Mungu asiyemwamini hukumfunga kwa lolote, bali umemfundisha kusema uwongo mbele ya umma katika saa ya kwanza ya kazi yake. Mahakama zetu zimelijua hilo tangu zamani: shahidi huulizwa dini yake kabla ya kusema neno la ushahidi, si kwa kuwa ushahidi wa watu wa dini moja una uzito kuliko wa dini nyingine, bali ili afungwe kwa kile kinachoifunga dhamiri yake, na yule asiyeapa kwa dini yoyote sheria humpa njia ya kuthibitisha kwamba atasema kweli, na akisema uwongo adhabu yake haipungui kwa sababu hakuapa.

Ahadi ya umma ni jambo jingine. Hiyo husemwa na wengi kwa pamoja, aghalabu na watoto, kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeyachagua, na shabaha yake ni kuwaunganisha wasemao. Maadamu shabaha yake ni hiyo, haifai kutiwa humo ila lile ambalo kila raia aweza kulisema kwa ukweli: kuipenda nchi, kutii sheria, kutunza mali ya umma, kumheshimu mwenziwe, kulinda uhuru. Ukiongeza humo itikadi ya dini, hata iwe ni itikadi ya walio wengi, umekwisha kuligawa taifa mafungu mawili: wasemao kwa moyo, na wasemao kwa midomo. Na dola itakayoridhika na midomo itakuwa imeukaribisha unafiki shuleni, mahali ambapo ungefaa kufukuzwa kwanza.

Mtazameni mtoto aliyesimama mstarini asubuhi, bendera ikipandishwa, mwalimu wa zamu akiwa mbele, wenzake wote wakiimba Wimbo wa Taifa naye amefumba kinywa, mikono imenyooka, macho yako chini. Hakufanya fujo, hakuitukana nchi, hakumzuia jirani yake kuimba. Ni mtoto wa Mashahidi wa Yehova, na nyumbani kwao amefunzwa kwamba kuimba wimbo wa taifa ni namna ya ibada, na ibada haimstahili ila Mungu peke yake. Watoto wa namna hii walipata kuadhibiwa katika nchi yetu, wengine wakafukuzwa shule, mpaka mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipowapa haki yao. Tafakarini, Waheshimiwa: mtoto huyo hakukataa kwa kumkana Mungu, alikataa kwa kumcha, na sisi tulikuwa tayari kumnyima elimu kwa sababu hakumwomba Mungu kwa maneno yetu. Marekani nayo ilipita njia hiyo: mwaka 1940 Mahakama yao ya Juu iliruhusu watoto wa imani hiyo hiyo walazimishwe kuisalimu bendera, na mwaka 1943, taifa likiwa katikati ya vita kuu, mahakama hiyo ikaitangua hukumu yake ikasema kwamba hakuna ofisa, awe mkubwa awe mdogo, mwenye mamlaka ya kuamuru raia wakiri kwa kinywa yale yasiyomo katika imani yao. Ikiwa nchi iliyokuwa vitani iliweza kuyavumilia hayo, sisi tulio katika amani hatuna udhuru.

Najua hoja ya upande wa pili, nami siidharau, kwa maana husemwa na watu ninaowaheshimu, masheikh na maaskofu na wazazi wenye uchungu na vijana wao. Wao husema: watu wetu ni watu wa dini, basi Katiba yao na itangaze dini, na mtu asiyeapa kwa Mungu hana wa kumwogopa, na nchi isiyomtaja Mungu katika ahadi zake itazaa kizazi kisicho na adabu. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama ingethibitika kwamba tamko la dola huleta ucha Mungu wa watu wake. Lakini tuutazame ushahidi uliopo kwa majirani zetu. Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Frederick Chiluba wa Zambia aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likatiwa katika utangulizi wa Katiba yao. Mwaka 2007 mahakama moja ya London, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na Serikali ya Zambia yenyewe, iliamua kwamba yeye na wenziwe walichukua fedha za umma za nchi hiyo. Na mwaka 2009 mahakama ya Zambia ikamwachia katika kesi ya jinai. Yeye amekwisha kwenda mbele ya haki, na hukumu ya mwisho si yangu. Nasema tu kwamba tamko lile halikuiepusha nchi na kesi za fedha za umma, wala halikuwa badala ya mkaguzi wa hesabu, wala ya hakimu, wala ya mwandishi wa gazeti asiyeogopa.

Wakenya nao, katika Katiba waliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, waliutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu katika utangulizi. Lakini katika Ibara ya 8 wakasema kwa maneno machache kabisa kwamba hapatakuwa na dini ya dola, na katika viapo vya viongozi wakamwachia aapaye achague kuapa au kuthibitisha. Hilo la kumwachia mtu achague ndilo ninalolisifu kwao na ninalowaombeni mliige. Ama lile la utangulizi sitagombana nalo wala sitalitamani, kwa maana wizi wa mali ya umma huzuiwa na sheria inayouma na watu wanaouliza, na jina la Mungu lililoandikwa juu ya ukurasa halijapata kumshika mwizi mkono.

Kwa ndugu zangu Waislamu nasema: Kurani imekanusha kulazimishana katika dini, na Mtume, alipohamia Madina, aliandikiana na watu wa mji ule mkataba uliowaacha Mayahudi na dini yao na Waislamu na dini yao, kisha wote wakafungamana kuulinda mji. Kwa ndugu zangu Wakristo nasema: Injili inaeleza jinsi Yesu alivyowaonya wale wapendao kusali mahali pa kuonekana na watu, akawausia wafuasi wake wasali faraghani, na katika hotuba hiyo hiyo aliwakataza kuapa, akawataka ndiyo yao iwe ndiyo na siyo yao iwe siyo. Dini zetu hizi mbili kubwa, basi, zote zinaichukia ria, na zote zinamdai mtu ukweli wa moyo kabla ya tamko la kinywa. Dola haina chombo cha kuupimia moyo. Chombo chake ni sheria, na sheria haivuki ngozi ya mtu.

Lakini sisimami pamoja na wale watakao kuufuta kila utajo wa Mungu katika maisha ya umma, kama kwamba dini ni uchafu wa kufagiwa kabla ya wageni kufika. Rais mcha Mungu hatuwezi kumwambia auache ucha Mungu wake nje ya geti la Ikulu, wala Mbunge hatuwezi kumkataza kuomba kabla ya kuikabili kazi nzito. Uhuru wa imani ukiwa ni uhuru wa kunyamaza tu, si uhuru. Kuuondoa Wimbo wa Taifa tulioulilia machozi siku ya Uhuru, au kuwanyang'anya viongozi Msahafu na Biblia walizozishika kwa hiari yao, kungekuwa ni kulazimishana kulekule kwa sura nyingine. Ninachokipinga ni amri, sipingi imani.

Nami nina khofu iliyo karibu zaidi kuliko maandishi ya Katiba, nayo ni matumizi ya kila siku ya jina hilo katika siasa. Tumezoea kumwona mgombea akipanda jukwaani akaanza kwa Assalamu alaykum, akaitikiwa. Akafuatisha Bwana Yesu asifiwe, akaitikiwa. Akaja Tumsifu Yesu Kristo, akaitikiwa. Kisha akaanza kuahidi barabara na visima ambavyo waliomwitikia bado wanavingoja. Tumezoea kuwaona wakijaa misikitini na makanisani miezi ya uchaguzi, bahasha mkononi, na kutoonekana tena mpaka miaka mitano ipite. Hakuna mwenye akili avaaye kanzu ya Idi kwenda kupalilia shamba. Basi jina tukufu kuliko majina yote kwa nini livaliwe kwa kila kibarua cha siasa? Mwaka 2021 Rais Samia alianza kuwasalimu wananchi kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nao wakafundishwa kuitikia kwamba kazi iendelee. Nililiona hilo kuwa ni jambo jema, na jema zaidi kwa kuwa limetoka kwa mwanamke aliyeapa kwa Msahafu na asiyeificha dini yake. Salamu ile humkuta kila raia alipo, na haimwachi mtu akihesabu kama dini yake imetajwa ya kwanza au ya mwisho, au haikutajwa kabisa.

Msidhani kwamba hesabu hiyo ni ndogo. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, ikajitoa Agosti 1993, swali la dini na dola lilifika kuutikisa Muungano wenyewe. Oktoba 2012, huko Mbagala, mabishano ya watoto wawili juu ya Msahafu yaliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Mapema mwaka 2013, mkoani Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa buchani ulimwaga damu ya mtu. Katika mambo hayo yote watu waliokuwa wakikopeshana chumvi na kuzikana walianza kuulizana ni nani mwenye nchi. Swali hilo Katiba ndiyo inayopaswa kulijibu, tena kwa namna moja tu: kwamba nchi ni ya wote, na hakuna aliye mpangaji ndani yake kwa sababu ya imani yake, wala kwa sababu ya kukosa imani.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, nawaombeni mambo manne. La kwanza, maneno yasemayo kwamba Jamhuri haina dini yabaki katika Katiba ijayo kama yalivyo, wala yasipunguzwe makali kwa kuongezewa sifa na masharti. La pili, haki ya kuthibitisha badala ya kuapa iandikwe ndani ya Katiba yenyewe, kwa kila kiongozi tangu Rais hadi diwani, ili mtu yeyote asiingie kazini kwa uwongo. Na anayependa kuapa kwa Mwenyezi Mungu aape, tena akiapa tumkumbushe kila mwaka alichoapa. La tatu, ahadi yoyote itakayotungwa kwa ajili ya wanafunzi na vijana ijengwe juu ya wajibu wa raia, kama zilivyojengwa zile ahadi kumi, na mtoto ambaye dhamiri yake inamzuia kuitamka, au kuuimba wimbo wowote, asipigwe wala asifukuzwe, maadamu amesimama kwa adabu na hakuwavunjia wengine heshima. La nne, sheria za uchaguzi ziukataze waziwazi ugombea wa mimbarini na altareni, na zikatazapo zisimtazame aliye madarakani kwa jicho moja na mpinzani wake kwa jicho jingine.

Haya hayahitaji fedha wala wataalamu wa kutoka ng'ambo. Yanahitaji kwamba mkae mkijua kuwa mnawaandikia pia wale ambao si wa dini yenu, na wale ambao hawajazaliwa, na wale wachache ambao hakuna chama kinachohitaji kura zao. Walio wengi hawana haja ya kulindwa na Katiba, wingi wao unawatosha. Katiba huandikwa kwanza kwa ajili ya yule mmoja aliyefumba kinywa mstarini.

Nanyi ambao mmekwisha kuapa, mkamwomba Mwenyezi Mungu awasaidieni mbele ya macho yetu, fahamuni kwamba hatukuyasahau maneno yenu. Ahadi ni deni, na deni lililochukuliwa kwa jina hilo ni zito kuliko madeni yote. Lilipeni kwa haki mtakazozitenda, kwa hesabu mtakazozitoa, na kwa Katiba mtakayotuandikia ambayo Mwislamu, Mkristo, Mhindu, mfuasi wa mila na asiye na dini wote wataweza kuisoma na kusema kuwa ni yao.

Wabillahi tawfiki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Raia wa pwani